Kupima Ubora wa Maisha ya Mgonjwa kwa Kishikwambi: Mwongozo kwa Kliniki za Songea

Ubora wa maisha ya mgonjwa ni namna mwenyewe anavyoishi na ugonjwa wake: kama analala usiku, kama anafika sokoni kwa miguu, kama anaoga bila kusaidiwa, maumivu yanambana kiasi gani, na kama bado ana hamu ya kukaa na watu. Mambo hayo hayaonekani kwenye kipimo cha damu. Wagonjwa wawili wa kisukari wanaweza kutoka maabara na sukari ileile, mmoja akarudi shambani kwake Namtumbo, mwingine akashinda kitandani kwa sababu nyayo zinamwaka moto usiku kucha. Tofauti yao hujulikana kwa kuuliza. Dodoso ni njia ya kuuliza maswali yaleyale, kwa maneno yaleyale, kila mgonjwa na kila hudhurio, ili majibu ya Machi yaweze kuwekwa kando ya majibu ya Septemba.

Dodoso likihamishwa kutoka karatasi kwenda kwenye skrini halipotezi uzito wake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2008, uliounganisha tafiti 46 zilizolinganisha njia hizo mbili, ulionyesha kwamba majibu yanakaribiana mno. Faida ya skrini ni kwamba alama hupatikana papo hapo. Karatasi hukunjwa ndani ya faili ikasubiri mtu wa kuijumlisha, na mara nyingi mtu huyo ni mwanafunzi anayeandika tasnifu miaka miwili baadaye. Majibu ya kidijitali yanaweza kumfikia tabibu kabla mgonjwa hajaitwa ndani. Yasipomfikia, kishikwambi ni karatasi ya bei kubwa tu.

Chombo chenyewe si kigeni mkoani Ruvuma. Sensa ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi nchi nzima, na mzee wa Mbinga aliyehesabiwa ameshaona mtu akimwuliza maswali huku akigusa kioo. Lakini kumbukumbu hiyo ina makali mawili: wapo watakaodhani wanahesabiwa tena, au kwamba majina yanaandikwa kwa ajili ya msaada fulani. Anayetaraji msaada hujieleza kuwa na hali mbaya zaidi, na anayeogopa kuondolewa kwenye dawa hujieleza kuwa na nafuu. Kwa hiyo neno la kwanza kabla ya swali la kwanza ni kwamba majibu ni ya matibabu yake mwenyewe, na kwamba hakuna jibu litakalomwongezea wala kumpunguzia huduma.

Kuchagua dodoso

Madodoso yamegawanyika katika makundi mawili. Yapo ya jumla, yanayomfaa mgonjwa yeyote, na yapo ya ugonjwa maalumu. La jumla lililo fupi kuliko mengi ni EQ-5D, lililobuniwa na kundi la EuroQol lililoanza mwaka 1987. Huuliza mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Toleo lake la ngazi tano za majibu lina mchanganyiko wa hali 3,125 zinazowezekana. Mwishoni kuna mizani iliyosimama kama ngazi, kuanzia 0 hadi 100, ambapo mgonjwa huonyesha afya yake ya siku hiyo. WHOQOL-BREF la Shirika la Afya Duniani lina maswali 26 na hugusa pia mazingira: nyumba, fedha, usafiri. SF-36 lina maswali 36 katika nyanja 8. Toleo lake la Kiswahili lilitayarishwa kwa ajili ya Tanzania na kujaribiwa Dar es Salaam, na matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Kwa saratani dodoso linalotumika sana ni QLQ-C30, lenye maswali 30.

Mfano wa karibu wa kazi hii kufanywa kwa simu uko Taasisi ya Saratani Ocean Road. Wataalamu wake, pamoja na wenzao wa Marekani, walitengeneza programu iitwayo mPCL kwa ajili ya wagonjwa wa saratani wanaohitaji tiba shufaa baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Maelezo ya jinsi ilivyobuniwa yalitoka mwaka 2021. Programu hiyo humwunganisha mtaalamu aliye Dar es Salaam na mhudumu wa afya aliye karibu na mgonjwa, na maswali yake yanatokana na kipimo cha Chama cha Tiba Shufaa Afrika, chenye makao Kampala. Kipimo hicho kina maswali 10 tu, saba ya mgonjwa na matatu ya anayemuuguza, na majibu yake ni kuanzia 0 hadi 5. Uzuri wake ni kwamba mgonjwa asiyejua kusoma, au aliyechoka kusema, anaweza kujibu kwa mkono: ngumi iliyofumbwa ni sifuri, vidole vyote ni tano. Kwa mgonjwa wa Songea, ambaye safari yake hadi Ocean Road ni zaidi ya kilomita 900 kwa basi, kipimo cha namna hiyo kina maana kubwa kuliko kwa mgonjwa wa Ilala.

Kwa kliniki inayoanza, dodoso moja fupi linatosha. Kishawishi cha kuunganisha matatu ili kupata kila kitu huishia kwa wagonjwa kujibu ovyo kuanzia ukurasa wa pili. Madodoso haya yana wenyewe pia. EuroQol hutaka maombi yasajiliwe kabla ya kutumia EQ-5D, na QLQ-C30 hali kadhalika huombwa. Masharti yao yanakataza kubadili maneno, kupanga upya maswali au kufuta swali lisilopendeza, na mengine yana kanuni za jinsi swali linavyopaswa kuonekana kwenye skrini. Ni vizuri maombi yatumwe kabla mtu hajaanza kuunda fomu.

Lugha ya jibu

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na mitambo haina lawama. Mswahili akiulizwa hali hujibu "nzuri" au "sijambo" kwanza, hata akiwa amelala na dripu mkononi. Ugonjwa hufuata baada ya salamu. Dodoso lenye swali la kwanza linalofanana na salamu litavuna majibu ya salamu. Tiba yake ni kusalimiana kikamilifu kwanza, bila haraka, kumpa mkubwa shikamoo yake na kuulizia za nyumbani, kisha kutamka wazi kwamba sasa yanaanza maswali ya matibabu. Muuguzi anayeruka salamu ili kuokoa dakika moja huipoteza kwenye majibu.

Jambo la pili ni ngazi za majibu. Kiingereza kina maneno mengi ya kupanda hatua kwa hatua; Kiswahili cha kila siku hutegemea "kidogo" na "sana", na neno "kiasi" kwa mtu mmoja ni kidogo, kwa mwingine ni katikati. Kabla ya kuanza, maneno ya majibu yaandikwe kwenye kadi, zichanganywe, na wagonjwa kumi hivi waombwe kuzipanga kuanzia hali nyepesi hadi nzito. Wasiojua kusoma wasomewe. Iwapo watatu au wanne wanazipanga tofauti, kuna tatizo ambalo halitaonekana tena likishaingia kwenye hesabu. Maneno ya tafsiri rasmi hayabadilishwi kiholela, lakini kliniki inaweza kukubaliana maelezo mamoja ambayo kila muuguzi atayatoa pale mgonjwa anapouliza, badala ya kila mmoja kutunga yake. Mwenye dodoso huarifiwa pia, kwa kuwa wenye madodoso hupokea maoni ya namna hiyo.

Mambo mengine ni ya utamaduni kuliko ya lugha. SF-36 la asili huuliza kama mtu anaweza kusukuma mashine ya kufyonza vumbi au kucheza gofu. Kwa mama wa Lizaboni, kazi ya uzito huo ni kutwanga au kubeba ndoo ya maji, na ndiyo sababu hutumika tafsiri iliyojaribiwa, si ile iliyofanywa usiku mmoja na kijana anayejua Kiingereza. Wazee wa Umatengo, Ungoni na Tunduru wanaweza kukimudu Kiswahili cha sokoni huku wakishindwa kueleza huzuni kwa lugha hiyo. Mkalimani akihitajika, awe mhudumu wa kliniki. Mjukuu hapaswi kumwuliza bibi yake kama anafikiria kufa. Na fomu iwe na sehemu ya kuonyesha kwamba jibu lilipitia kwa mkalimani.

Kila dodoso lina muda linaouliza. EQ-5D huuliza leo, QLQ-C30 wiki iliyopita, WHOQOL-BREF wiki mbili. "Leo" ya mtu aliyepanda basi la usiku kutoka Tunduru ni siku ya mgongo kuuma na usingizi, hata kama juma zima alikuwa na nafuu; asiulizwe akiwa ameshuka tu, apumzike na anywe chai. "Shughuli za kawaida" nazo hubadilika na majira. Kati ya Desemba na Aprili ni kulima na kupalilia, na goti linalouma huonekana ni janga. Mahindi yakishavunwa, goti hilohilo huonekana limepona. Kulinganisha Januari na Agosti bila kuandika msimu ni kupima kilimo.

Kuunda fomu

Programu mbili zinazofaa kliniki isiyo na fundi wa kudumu ni ODK, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, na KoboToolbox iliyojengwa juu yake. Zote hufanya kazi kwenye simu ya Android bila mtandao: majibu huhifadhiwa ndani na kutumwa mtandao ukishika, jambo ambalo vijiji vya kando ya Ziwa Nyasa vinalihitaji. Hospitali zinazofanya utafiti hutumia pia REDCap, iliyotoka Chuo Kikuu cha Vanderbilt mwaka 2004, lakini hiyo huhitaji taasisi ya kuihifadhi. Kwa ODK na KoboToolbox, maswali huandikwa kwenye jedwali la Excel kisha hupakiwa. Anayeweza kutengeneza orodha ya mishahara ataweza.

Skrini moja ibebe swali moja, herufi ziwe kubwa, na vitufe vya majibu viwe vipana vya kutosha kwa kidole kilichozoea jembe. Hakuna jibu linalopaswa kuwa limechaguliwa tayari. Mizani ya 0 hadi 100 inahitaji uangalifu wa pekee: kwenye karatasi ya EQ-5D ina urefu wa sentimita 20, na kwenye simu ndogo hujibana hadi kidole kimoja kikafunika alama kumi. Kishikwambi kipana ni bora, na alama ya kuburuta isianzie katikati, kwa kuwa wengi wataiacha hapohapo. Kulazimisha kila swali lijibiwe huonekana ni nidhamu, lakini humfundisha mgonjwa kugusa chochote ili apite. Ni afadhali kuwe na kitufe cha "sipendi kujibu".

Kitufe hicho kitatumika. Swali la 21 la WHOQOL-BREF huuliza kuhusu kuridhika na tendo la ndoa, na muuguzi wa miaka ishirini na mitano hawezi kulisoma kwa sauti mbele ya mtu wa rika la baba yake bila wote wawili kuangalia pembeni. Skrini huokoa jahazi: kishikwambi hugeuzwa, mgonjwa hugusa mwenyewe. Asiyesoma anaweza kuwekewa sauti iliyorekodiwa na vipokea sauti vya masikioni, ilimradi sauti isome tafsiri rasmi neno kwa neno. Kwa wengine wengi njia ya kati inatosha, muuguzi kusoma na mgonjwa kugusa. Fomu iandike ni njia ipi ilitumika, kwa sababu watu hujieleza kwa ujasiri zaidi wanapojaza wenyewe kuliko wanapoulizwa ana kwa ana.

Kumfuata mgonjwa nyumbani kwa simu kuna matatizo yake. Simu ya kitochi haifungui fomu, na meseji yenye maswali matano humla mtu chaji na subira. Simu ya familia hushikwa na yeyote. Muuguzi kupiga, kusoma maswali na kujaza mwenyewe kwenye kishikwambi ni njia ya gharama kidogo, na huwafikia wengi zaidi. Apige jioni, watu wakiwa wamerudi kutoka shamba.

Kusoma alama

Majibu ya EQ-5D huandikwa kama tarakimu tano. Mgonjwa mwenye 21345 ana shida ndogo ya kutembea, hana shida ya kujihudumia, ana shida ya kati katika shughuli zake, maumivu makali, na wasiwasi au huzuni ya kupindukia. Tabibu akiifahamu lugha hiyo, huhitaji sekunde tatu kuona pa kuanzia. Kuzigeuza tarakimu hizo kuwa thamani moja ni kazi ya wachumi wa afya. Chumbani mwa daktari haihitajiki.

QLQ-C30 huhitaji hesabu, na programu huifanya yenyewe ikiandikiwa kanuni. Uchovu hupimwa kwa maswali matatu yenye majibu ya 1 hadi 4. Mgonjwa akijibu 3, 3 na 2, wastani ni 2.67, hutolewa 1, hugawanywa kwa 3, huzidishwa kwa 100, na hupatikana takriban 56. Akirudi baada ya mwezi na 2, 2 na 2, alama ni 33. Kwa kawaida badiliko la kati ya 10 na 20 huhesabiwa la wastani na la zaidi ya 20 kubwa, kwa hiyo pointi 22 hizo ni nafuu ya kweli. Mtego uko kwenye mwelekeo: katika dalili, alama kubwa ni hali mbaya, katika uwezo wa kufanya mambo, alama kubwa ni hali nzuri. Grafu zote mbili zikiwekwa kwenye skrini bila maelezo, mtu atazisoma kinyume mapema kuliko inavyodhaniwa. Maswali yaliyoachwa wazi nayo yana kanuni yake: alama hukokotolewa iwapo angalau nusu ya maswali ya sehemu hiyo yamejibiwa, vinginevyo huachwa tupu. Kujaza sifuri mahali patupu ni kosa linalomfanya mgonjwa asiyejibu aonekane hana maumivu.

Majibu yakishapatikana

Utafiti unaotajwa zaidi kuhusu faida ya kazi hii ulifanyika New York kwa wagonjwa 766 wa saratani iliyosambaa. Waliokuwa wakiripoti dalili zao kwa kompyuta waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 31.2, wenzao waliohudumiwa kwa njia ya kawaida miezi 26.0; matokeo yalitolewa mwaka 2017. Skrini haikutibu mtu. Dalili ilipozidi, muuguzi alipata taarifa na kuchukua hatua.

Kwa hiyo kabla ya kununua kishikwambi cha kwanza, inafaa kuandikwa ni nani anayesoma majibu kila siku na anafanya nini. Kliniki ndogo inaweza kuanza na viashiria viwili tu: maumivu ya ngazi mbili za juu, na huzuni ya ngazi mbili za juu. Cha kwanza humpeleka mgonjwa kwa tabibu siku hiyohiyo dawa ya maumivu ikaangaliwe upya. Cha pili humpeleka kwa anayeshughulika na afya ya akili. Kama hakuna huduma ya kumpeleka, swali hilo hufungua kidonda na kukiacha wazi, na ni bora kupanga kwanza. Viashiria vikiwa kumi, arifa zitalia mpaka watu wazizime.

Matokeo yafike mahali ambapo daktari anaangalia tayari. Kama hospitali ina mfumo wa kielektroniki wa taarifa za wagonjwa, alama ziingizwe humo. Kama bado ni faili, karatasi ndogo yenye tarakimu za leo na za hudhurio lililopita ibanwe mbele ya faili. Daktari hatafungua programu ya tatu kwenye foleni ya watu sitini.

Siri na ruhusa

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo msimamizi. Kwa kliniki maana yake ni mgonjwa kuelezwa kinachokusanywa na kwa nini, taarifa kuchukuliwa kwa kiasi kinachohitajika, na kujulikana zinahifadhiwa wapi, hasa seva ikiwa nje ya nchi. Jina lisiingie kwenye fomu. Namba ya faili inatosha, na orodha inayounganisha namba na majina ikae kwenye kabati lenye ufunguo. Kishikwambi kiwe na nywila, na fomu zilizotumwa zifutwe humo. Katika mji ambao muuguzi na mgonjwa wanasali kanisa au msikiti mmoja, kiti cha kujazia kielekee ukutani.

Kupima kwa ajili ya huduma ya kila siku huhitaji idhini ya Mganga Mfawidhi. Wazo la kuchapisha likiingia, kazi imekuwa utafiti na huhitaji kibali cha maadili, ambacho katika ngazi ya taifa hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kibali hutangulia; kwa kawaida majibu yaliyokwisha kukusanywa hayaombewi kibali baadaye.

Vitu vidogo

Songea iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018, lakini umeme bado hukatika mvua zikichanganya na radi, na chaja ya akiba ni sehemu ya vifaa. Kioo hufutwa kwa kitambaa chenye spiriti baada ya kila mgonjwa. Bando la intaneti liwe na bajeti na mtu wa kulilipia, la sivyo litatoka mfukoni mwa muuguzi, kisha halitatoka. Nakala chache za karatasi zikae drooni kwa siku ambayo kishikwambi kimegoma, zikiwa na maswali kwa mpangilio uleule.

Ratiba ya kurudia dodoso iende na ratiba ya kliniki, kwa kawaida mara moja kwa mwezi au kila hudhurio. Kuuliza kila wiki huwachosha watu. Asiyetokea asihesabiwe kuwa na nafuu: wanaokosa mara nyingi ndio walio na hali mbaya zaidi, au wamekosa nauli, na fomu iwe na nafasi ya kuandika sababu iliyojulikana kwa kupiga simu. Kama programu hutuma meseji za kukumbusha zenyewe, mtu mmoja apewe kazi ya kuzisimamisha siku ileile taarifa ya kifo inapofika, kwa kuwa simu ya marehemu mara nyingi hubaki mkononi mwa mjane au mtoto, na meseji ya "tafadhali jaza dodoso lako la mwezi huu" huweza kuingia wakati watu wamekaa msibani.